Pamba ya Kila Ijumaa

"Usitikise kichwa, bibi," daktari alisema, lakini Bi Saleha hakumsikia, aliona midomo tu. Kache, mfua nazi mwenzake, akamshika mabega, akamwashiria atulie. Bomba likaingia sikioni, lile bomba kubwa la chuma kama pampu ya baiskeli, maji ya vuguvugu yakapiga ndani, na dunia yote ikazunguka. Mara ya kwanza yakatoka maji matupu. Mara ya pili, maji ya rangi ya chai. Mara ya tatu kikaruka kwenye kibakuli kitu cheusi, kigumu kama kokwa ya ukwaju, na nyuma yake pamba iliyooza na kipande cha kitunguu saumu.

Na sauti zikaingia. Zote kwa pamoja, jamani, kama watu waliofungiwa mlango. Feni ya juu. Mtoto aliaye barazani. Bangili za Kache. Bi Saleha akaziba sikio kwa kiganja, akaliachilia, akaliziba tena, akacheka peke yake.

Daktari Katana akaliosha na sikio la pili, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Wanisikia sasa?"

"Nakusikia, baba. Usinipigie kelele."

Kache akacheka mpaka akakaa chini. "Mwaka mzima twapasuka makoo kwa ajili yako, leo watwambia tusipige kelele!"

Daktari akamulika ndani kwa tochi. "Ngoma za masikio nzima. Zingekuwa zimetoboka, zatoa usaha, nisingezipiga maji, ningekuharibu. Lako wewe ni nta tu, bibi. Nta si uchafu, sikio laitoa lenyewe. Lakini ukichokonoa na njiti, ukashindilia pamba, yarudi ndani, yaganda kama saruji." Akafunua kadi ya hospitali, akakunja uso. "Lakini haya nilishayasema. Ramadhani ya mwaka jana ulikuja na mwanamke mmoja. Nikaandika hapa: matone ya kulainisha, siku tano, kisha urudi uoshwe. Pamba nikamkataza. Mbona hamkurudi?"

Bi Saleha akakitazama kile kibakuli. Akakitazama sana.

Mwanamke mwenyewe ni Kulthum, mdogo wake, kitinda mimba wao, ambaye Saleha alimbeba mgongoni tangu mama yao alipofariki.

Na kazi ya Saleha ilikuwa ya masikio. Miaka ishirini alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa ghala la Mzee Nasor, kule mtaa wa Barani, akichagua nazi zinazoletwa na lori kutoka Dabaso. Moja moja, huitia sikioni akaitikisa. Nazi hasa maji yake hucheza. Koroma bado limejaa, ni zito na bubu, tui lake maji tu. Mbata, nyama yake imeachana na kifuu, hugonga, ko, ko. Joya, lile lililokwisha ota ndani likawa kama sifongo, ni jepesi na halisemi kitu. Mpishi wa harusi akiletewa gunia la Saleha hulifungua bila kuuliza.

Basi masikio yakaziba. Kulthum akamshika mkono wakaenda hospitali, na kwa kuwa Saleha hasikii, daktari akazungumza na Kulthum. Walipotoka, pale getini, Kulthum akamtia mdomo sikioni, akapiga ukelele, "Hakuna dawa, dada! Mishipa imekufa!" Wakalia wote wawili, wamekumbatiana, wapita njia wakiwatazama.

Kesho yake Saleha mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akampeleka Kulthum kwa Mzee Nasor. "Mpe kigoda changu, riziki isitoke nyumbani kwetu." Akamfundisha kila alichokijua. Yeye akahamia uani, akawa afua nazi pamoja na Kache. Na kila Ijumaa Kulthum humlaza kichwa pajani, akamtilia mafuta ya uto yenye kitunguu saumu, akashindilia pamba. Saleha alikuwa akifumba macho akiwaza, ni nani mwingine aliye na ndugu kama huyu?

Kama si Kache, aliyempeleka mwanawe juzi akatibiwa sikio, kisha leo akambembeleza bibi wafuatane, kichwa chake kingekuwa bado kiko pajani mwa Kulthum.

Njiani Kache alijaribu. "Labda alisahau, Bi Saleha."

"Na pamba ya kila Ijumaa, hiyo hakuisahau?"

Kache akamshika mkono, wakaongeza mwendo.

Walipofika ghalani, Mzee Nasor alikuwa amesimama mbele ya kigoda, kofia ameisukuma nyuma. "Kulthum, watu wa harusi ya Harith wamerudisha gunia. Joya tupu! Wataka nionekane tapeli mji mzima? Dada yako ndiyo hatapona kabisa?"

"Atapona wapi, mzee wangu?" Kulthum akajibu, macho yakiwa kwa dada yake aliye hatua tatu tu, amtabasamia. "Daktari alinambia mimi kwa mdomo wake. Huyu kwisha."

Sauti yake nzuri. Saleha alikuwa ameisahau ilivyo nzuri, laini, kama ya mama yao.

Mzee akageuka kwenda kulikagua lile gunia. Na ilikuwa Ijumaa. Kulthum akachukua kichupa cha mafuta kilichokuwa juani kikipata moto, akajaza kijiko, akapigapiga paja lake kumwita. Kisha kwa upole ule ule, tabasamu lile lile, akasema taratibu, "Njoo, kiziwi wangu. Njoo nikuzibe, nami nipumue."

Kache akajiziba mdomo kwa leso.

Bi Saleha akaja. Akakaa chini kando ya kigoda, karibu kabisa, mpaka mabega yakagusana. Lakini kichwa hakukilaza. Akanyoosha mkono kwenye fungu la nazi nzuri, lililochaguliwa na Kulthum asubuhi ile, akatwaa moja, akaitia sikioni, akaitikisa. Kimya. Akaiweka pembeni. Akatwaa ya pili. Ko, ko. Pembeni. Mzee Nasor akasogea karibu. Ya tatu Bi Saleha akaitikisa akiwa amefumba macho, maji yakacheza ndani, yakacheza, naye akaishikilia pale pale sikioni, haiweki chini, na Kulthum amekaa na kijiko hewani, mafuta yakimdondoka pajani tone kwa tone.