Maoni ya Saa ya Kwanza

Hedifoni ilifika ndani ya boksi kubwa kuliko kichwa cha mtu yeyote katika ukoo ule, na juu yake kulikuwa na picha ya askari mwenye bunduki aliyeachama mdomo. Mpokea simu aliligeuza boksi mara mbili akitafuta picha ya mtu wa rika lake. Hakuna. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wateja wa kampuni ya maji akiwa nyumbani kwake, kwenye meza ya jikoni, na silaha pekee aliyowahi kushika ni mwiko.

Zawadi ilitoka kwa mdogo wake wa kiume, ambaye tangu alipofungua redio ya baba yao akashindwa kuifunga, ukoo mzima humwita Mtaalamu. Siku hizi ana duka la vifaa vya kompyuta mtandaoni. Miezi minane hajakanyaga nyumba ya dada yake, ambamo mama yao amelala na nyonga iliyovunjika, lakini zawadi haachi kutuma. Na zawadi zake huja na kazi.

"Dada, ivae kuanzia saa mbili mpaka saa tatu," alisema kwenye simu. "Halafu nirekodie maoni yako kwa maiki yake hiyohiyo, niyaweke dukani. Ni ya wacheza gemu, lakini wanunuzi wanapenda kumsikia mtu anayeifanyia kazi kweli."

"Mimi nimezoea ya sikio moja."

"Ndipo unapokosea! Hiyo inafunika yote mawili, kelele hazipiti. Ukiacha sikio moja wazi unaharibu majaribio. Saa moja tu, Dada, usiwe mbishi."

Ile ya zamani ilikuwa imefungwa utepe sehemu tatu, na jana yake ilikata roho katikati ya lalamiko. Sikio la kushoto lilikuwa la wateja, la kulia lilikuwa la Mama. Huo ulikuwa mpango wa nyumba tangu msimamizi wa kazi alipoonya kwamba sauti ya bibi anayeita inasikika kwenye simu za kampuni. Mama akaacha kuita, akapewa kikombe cha bati na kijiko. Akigonga mara moja, anataka maji. Mara mbili, choo. Mara tatu, acha yote uje. Kwa miezi minane hakuna mlio uliompita binti yake.

Saa mbili kamili akachomeka USB. Ikakataa. Akaigeuza, ikakataa. Akairudisha alivyoanza, ikaingia. Taa za pembeni zikawaka nyekundu, kijani, zambarau, mtu angedhani anakwenda disko, kumbe anakwenda kusikiliza habari za mabomba yaliyopasuka. Mito yake ya masikioni ilikuwa laini, uzito wake ulibonyeza utosi, na waya ulikuwa mrefu wa kufika chumba cha pili. Sauti, tusimwonee mtu, ilikuwa ya ajabu. Mteja wa kwanza hakuwa na maji siku ya nne. Alimsikia mpaka akimeza mate. Nyuma ya mteja wa pili saa ya ukutani ilikuwa ikienda. Wa tatu alimtukana, na kila tusi likafika likiwa zima.

Akavutiwa. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Alikaa karibu saa nzima akifurahia saa ya ukutani ya mtu asiyemjua.

Ilipobaki dakika tano masikio yalikuwa yameloa jasho, akaivua ajifute. Nyumba ilikuwa kimya, na haukuwa ukimya wa mtu aliyelala. Kisha akasikia mguno.

Mama alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na kiti, gauni limelowa, kiwiko kinatoka damu, kijiko bado mkononi.

Akamkagua nyonga kwanza, taratibu, na Mama akasema hapo hapaumi, akakunja mguu kuonyesha. Akamwinua, akamwosha, akambadilisha, akafunga kiwiko. Hasira ilimpanda. Nusu ya hasira ile ilikuwa yake mwenyewe. Nusu iliyobaki ilikuwa ya mdogo wake, na namba yake ya simu anaijua.

"Niligonga mbili," Mama alisema, akitazama ukuta. "Nikarudia. Nikagonga tatu. Nakusikia unaongea na watu vizuri tu, unacheka nao. Nikasema basi, mwanangu amenichoka. Acha niende mwenyewe."

"Mama, sikusikia!"

"Sikulaumu. Hata mimi nimejichoka."

Mpokea simu akatoka chumbani, akarudi na kompyuta, akaiweka kitandani. "Mtaalamu anataka maoni," alisema. "Leo atayapata."

Alirekodi kwa sauti yake ya kazini, ile inayotuliza watu wenye ndoo tupu. Akasifu mito, akasifu waya, akasifu maiki. Alipofika kwenye kelele sauti ikambadilika. "Uliniambia kelele hazipiti. Ni kweli, hazipiti. Kelele yenyewe ni huyu hapa." Akamvisha Mama hedifoni, taa zikamzunguka mvi, akamsogezea maiki mdomoni.

"Mwanangu, hujambo?" Mama alisema, kwa heshima zote, kama anaongea na mkubwa wa ofisi. "Mimi sijambo. Leo niligonga, niligonga sana, hakuja mtu. Nikaanguka. Nikabaki pale chini. Dada yako hana kosa, alivaa ulichomtumia. Basi, nakusalimu."

Rekodi ilikuwa ya dakika nne. Jibu lilikuja baada ya dakika moja: "Safi sana Dada! Sauti kioo! Nimeshaiweka dukani."

Alilisoma mara tatu. Alitaka kumpigia amvue nguo kwa maneno. Lakini hakumpigia, wala hakumwambia aiondoe rekodi dukani. Akakata kipande cha kitambaa, akaifunga hedifoni ile upande wa kulia ikae nyuma ya sikio, akarudi kwa wateja wake. Kijiko kiligonga mara moja, akapeleka maji.

Saa tisa mchana Mtaalamu akapiga. Sauti ilikuwa ndogo.

"Dada. Kuna mtu ameandika dukani. Hajauliza bei. Anauliza kama yule mama aliinuliwa."

Akamwuliza kama yeye mwenyewe ameisikiliza rekodi.

"Ndiyo nimeisikiliza sasa hivi. Yote. Dada, aliinuliwa? Yukoje?"

"Njoo umwulize mwenyewe," mpokea simu alisema. "Na ukifika, gonga mara moja tu. Humu ndani tunasikia."