Fundi Aliyechelewa Kushuka

Fundi alikuwa ndiyo kwanza ameketi mezani, kijiko mkononi, akainuka mara moja tu kufuata chumvi. Hapo ndipo jioni yake ilipokwisha.

"Maadamu umesimama," alisema mumewe, "niletee na maji."

"Yangu yawe ya vuguvugu," alisema mama mkwe.

"Mama, na chaja yangu iko chumbani," alisema kijana wao. "Maadamu umesimama."

Ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba ile: aliyesimama ndiye anayetumwa. Haikubagua mtu. Mume angesimama, naye angetumwa. Mama mkwe vilevile, na kijana vilevile. Bahati mbaya tu hawakuwa wakisimama. Mume alikuwa mwalimu wa hesabu, anashinda amesimama ubaoni, kwa hiyo nyumbani alistahili kukaa. Mama mkwe alikuwa na magoti. Kijana aliitwa Injinia kwa sababu alisomea uinjinia, na alikuwa bado anangoja kazi ya hadhi yake. Muda mwingi alikuwa kwenye kochi akifikiri. Fundi, kwa upande wake, alikuwa fundi cherehani, na wote waliafikiana kwamba mtu anayeshinda amekaa hawezi kuchoka. Chumvi yenyewe aliikumbuka wakati anaosha sahani.

Kliniki, nesi alimfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo, akaguna, akakijaza tena.

"Mama, presha yako si nzuri. Unafanya mazoezi?"

"Nyumbani nazunguka sana."

"Hiyo ni kazi, si mazoezi. Nauliza kitu cha nje, cha kujifurahisha. Ulipokuwa mtoto ulipenda mchezo gani?"

Fundi alifikiri, kisha akaona haya. "Kamba."

"Basi ruka kamba."

"Na umri huu?"

"Kwani presha hii ni ya mtoto?" alisema nesi, akamwita mgonjwa mwingine.

Fundi alikata kipande cha kamba ya kuanikia nguo kilichokuwa kinaning'inia bila kazi, akazungushia vitambaa kwenye ncha zake ili zisimchubue. Akajishonea traksuti kwa mabaki ya wateja, mkono mmoja sare ya shule na mkono wa pili pazia. Alfajiri, kabla ya chai, akatoka kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma ya nyumba.

Mwanzoni kamba ilimnasa miguu. Kisha ikamcharaza kisogoni. Halafu mwili ukakumbuka, kamba ikaanza kuimba, chap, chap, chap, na Fundi akawa anaruka. Jua lilipochomoza aliruka akachelewa kushuka. Alibaki hewani usawa wa kigoda, muda wa mtu kupiga chafya na kutafuta leso, ndipo akatua. Aliangalia chini ya raba zake kama kuna kitu kimenasa. Hakukuwa na kitu, akaendelea.

Siku zilivyosonga akawa anachelewa zaidi. Wiki ilipokwisha alifika usawa wa bati na kukaa huko mpaka chai ipoe, kamba ikizunguka, kisha akashuka taratibu na traksuti imejaa upepo. Mwalimu alimwona kupitia dirisha la chumbani.

"Unachelewa kushuka," alisema.

"Naona."

"Chai je?"

"Iko kwenye chupa, juu ya meza."

Mwalimu alitafakari jambo hilo. "Nani atanimiminia?"

Ukweli ni kwamba Fundi alikuwa na furaha. Tangu aolewe, kila alichokigusa kilikuwa na mtu anayekingoja upande wa pili: shati lina mvaaji, chakula kina mlaji, hata usingizi wake ulikuwa na mtu wa kuuliza umefika wapi. Kule kuruka tu ndiko kulikokosa mwenyewe, basi kukawa kwake. Alikuwa anacheka ovyo huko hewani kama mtu aliyetekenywa. Majirani waliokuwa wakichungulia uani waliingiwa na wasiwasi kuhusu kicheko hicho. Kuhusu kuelea hawakuwa na la kusema.

Tatizo lilizuka mezani. Mama mkwe aliuliza mtu anayeelea ahesabiwe amekaa au amesimama. Lilikuwa swali la msingi, na Mwalimu alilichukulia kwa uzito wake. Alisukuma sahani pembeni, akachora kwa kidole kwenye kitambaa cha meza, akathibitisha hatua kwa hatua kwamba anayeelea hajakaa, kwamba asiyekaa wala kulala amesimama, na kwa hiyo mke wake alikuwa amesimama kuliko mtu yeyote mtaani. Injinia aliupitia uthibitisho ule akasema hauna kasoro.

Asubuhi yake mama mkwe alisogeza kiti chake mlangoni. "Mwanangu, maadamu uko juu, lile papai limeiva."

Fundi alichuma papai. Siku iliyofuata alizibua mfereji wa bati. Halafu akateremsha raba ambayo Injinia aliitupa juu ya paa enzi za shule ya msingi na ambayo sasa, alipoiona, alisema ameitafuta sana. Mjumbe wa mtaa naye akafika, amevaa koti, akasimama uani na kutazama juu kwa heshima zote.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Maadamu uko huko, hebu nitazamie nani anamwaga taka mtaroni."

Fundi alitazama. "Mkeo," alisema.

Mjumbe alishukuru, akasema suala hilo litafanyiwa kazi, akaenda zake.

Lakini kilichomvunja nguvu ni antena. Ilikuwa siku ya mechi kubwa, sebule imejaa marafiki wa Mwalimu, na picha ikawa inakatikakatika. Fundi alikuwa ametoka kuruka kidogo jioni ile, ya ziada, kujizawadia baada ya kumaliza magauni ya harusi. Akajikuta ameishika antena.

"Kushoto!" Mwalimu alipiga kelele kutoka ndani. "Kushoto kidogo! Kidogo! Hapo hapo, usipumue!"

Aliishika kipindi cha kwanza chote. Mapumziko alidhani atashuka, lakini kulikuwa na uchambuzi. Kutoka huko juu aliwasikia wanaume wakibishana kuhusu wachezaji waliochoka mapema, jinsi vijana wa siku hizi walivyo wavivu, na mumewe akisema kwa sauti nzito kwamba kwake yeye michezo ndiyo afya.

Nesi alipompima tena alikijaza kitambaa upepo mara mbili.

"Ilikuwa imeshuka vizuri. Sasa imerudi palepale. Umeacha kuruka?"

"Sijaacha. Nafika usawa wa antena."

"Na huko unafanya nini?"

Fundi alimweleza: papai, mfereji, mtaro, uchambuzi. Nesi alisikiliza huku anakunja kile kitambaa chake. Hakuandika dawa.

"Sauti zao zinafika wapi?"

"Mpaka juu kidogo ya mti wa jirani."

"Basi pita hapo."

Kesho yake Fundi aliruka kwa nia. Aliipita antena, akaupita mti wa jirani na kiota chake, akazidi kupaa. Mtaa ulibaki chini, na mapaa yote yenye vitu ambavyo watu walivitupa wakavisahau: sufuria lisilo na mpini, kiti cha miguu mitatu, mpira umebonyea. Akasikia "maadamu" moja, hafifu, kisha hata hiyo ikakatika. Kukawa kimya. Upepo ulikuwa na harufu ya sabuni za nguo za watu asiowajua, nguo ambazo hazikumhusu hata kidogo. Alilia kidogo, kwa raha tu, akafuta machozi kwa mkono wa pazia.

Huku chini shati la Mwalimu lilikuwa limedondosha kifungo. Nyumba ilikuwa na sindano za kutosha na mikono sita mizima. Walimwita Fundi kwa zamu, kisha kwa pamoja. Walipoona hasikii, jambo ambalo halijawahi kutokea lilitokea: Injinia aliinuka kwenye kochi.

Alisema amepata wazo. Alichonga vijiti, akatanua mfuko wa nailoni, akaunda tiara pana kama mlango, yenye kulabu ya kuning'inizia mzigo. Mwalimu alishika uzi. Injinia alikimbia uwanja mzima nayo mkononi, akaanguka, akakimbia tena. Mama mkwe alisahau magoti akawa anawafuata mbio mbio akiwaonyesha upepo unakotoka. Shati lilinasa mtini, likateremshwa, likarushwa, likatua kwenye mtaro wa mjumbe, likafuliwa, likakaushwa. Ilipokaribia adhuhuri, watu watatu wakiwa wamelowa jasho, shati lilipanda angani likiwa limetandaza mikono yote miwili.

Fundi aliliona linakuja. Angeweza kuliacha lipite. Lilikuwa na kasi yake na njia yake. Lakini mkono wa fundi ukiona mahali penye pengo la kifungo hauombi ruhusa, na sindano alikuwa nayo kwenye ukosi siku zote. Alikata kifungo kimoja cha traksuti yake, akakishona, akalirudisha. Chini walishangilia kama waliofunga bao.

Tangu hapo nyumba nzima ikawa inatoka nje kila siku. Zilipanda suruali za kupunguzwa, soksi, maharage ya kuchambuliwa ndani ya kifuko. Kitambi cha Mwalimu kiliisha. Injinia alipata misuli na rangi ya afya, akawa hawezi tena kulala mchana. Magoti ya mama mkwe yalipona kabisa, na ilibidi aombwe asikimbie mbele ya uzi. Mjumbe aliitisha mkutano akawatangaza kuwa familia ya mfano kwa mtaa mzima. Watu walikuja kujifunza, na Mwalimu aliwaambia siri ni ndogo tu, mtu atoke nje, apende hewa safi, asikubali kuzeeka kwenye kiti. Kisha alirudi ndani akakaa.

Usiku mmoja Fundi aliweka kijiko chini.

"Nina swali," alisema. "Kama mnaweza kukimbia uwanja mzima na tiara, asubuhi mpaka mchana, kwa nini hamwezi kushona kifungo?"

Walitazamana. Hawakukasirika hata kidogo. Walionekana kweli wanatafuta jibu.

"Lakini mama," Injinia alisema kwa upole, "tiara ni mchezo. Kifungo ni kazi."

"Usituharibie mazoezi, mwanangu," alisema mama mkwe. "Tumefika mbali."

Mwalimu aliongeza kwamba yeye binafsi hajawahi kujisikia kijana namna hii tangu waoane, na kwamba anamshukuru sana mkewe. Alimaanisha. Aliushika mkono wake juu ya meza, na Fundi, ambaye alikuwa amekusudia kupandisha sauti, akakosa pa kuanzia. Aliona presha inampanda mpaka masikioni.

Alfajiri hakupasha mwili moto. Alianza kuruka tangu mlangoni, akaupita mti, akapita pale kimya kilipoanzia, akapita urefu wa mwisho ambao tiara iliwahi kuufikia. Wale watatu walikuwa wamekwisha kuirusha; aliona uzi wake ukikazika chini yake, ukitetema, ukishindwa. Hakupunguza mwendo. Wingu jembamba lilimkabili naye akaliingia, likamlowesha traksuti, akatokea upande wa pili palipokuwa na jua tupu.

Palikuwa na watu. Mwanamke mmoja aliendesha baiskeli taratibu juu ya wingu, sare ya mtoto imetandazwa kwenye usukani, anashona pindo. Mbele yake bibi mmoja mnene aliogelea chali, kwa raha zake, ameweka sinia la mchele tumboni na anachambua. Wengine walikuwa mbali zaidi, mmoja na raketi, mmoja na viatu vya kupandia milima. Chini ya kila mmoja wingu lilikuwa na tundu dogo, na katika kila tundu ulipita uzi.

"Karibu, dada," alisema wa baiskeli. "Wako wanatumia nini?"

"Tiara," alisema Fundi. "Lakini nimewapita. Haifiki huku."

"Wangu wana puto," alisema wa baiskeli.

"Mimi wamenijengea mnara," alisema bibi, akatupa punje mbovu pembeni. "Mwanangu wa kwanza ameacha sigara kwa ajili ya ule mnara. Anapanda na kushuka siku nzima. Mapafu yake sasa, ukimsikia!"

Walimsogelea, wakampa nafasi penye jua. Aliendelea kuruka. Ilikuwa asubuhi nzuri kupita zote alizowahi kuwa nazo, na kwa muda mrefu kila mtu aliendelea na mchezo wake. Kisha wingu likafura kidogo miguuni pake, likatoboka, na tiara ikachomoza. Ilikuwa mpya, ya kitambaa, imeshonwa kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka, vifungo vinne pembeni. Yeyote kati ya wale watatu aliyeishona alikuwa na mkono mzuri. Kwenye kulabu kulikuwa na suruali ya Mwalimu, imefumuka zipu.

Fundi aliitazama ile mishono kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu yake. Kisha akashusha suruali kutoka kwenye kulabu.

"Nani ana uzi mweusi?" aliuliza.

Wa baiskeli alikata kwa meno kipande cha uzi aliokuwa akishonea, akampa, bila kuacha kukanyaga pedali.