Vigae vya Mama Mwanamisi

Kompyuta ilikataa tena. Vigae vyote vya Mama Mwanamisi vilikuwa kwenye kioo mbele yangu, kila kimoja kikizunguka peke yake kama mlevi asiyejua njia ya nyumbani, na chini yake maandishi mekundu: hakuna kinachoungana.

"Jaribu mara nyingine, Kemunto," akasema Wanjala, mwenzangu wa kazi. Ndiye aliyevipiga picha, mbele, nyuma na ukingoni.

"Mara ngapi? Mashine haibembelezwi!"

Nilikuwa na hasira, na nyuma ya hasira palikuwa na hofu tupu. Barabara mpya ilikuwa ipite katikati ya shamba la Mama Mwanamisi huko Matungu, juu ya pale walipozikwa mapacha wake, waliofariki wakiwa wachanga. Makaburi yale hayana jiwe wala jina, na mhandisi alishamwambia waziwazi kwamba kaburi lisiloonekana halihesabiki. Lakini hatua chache kutoka hapo, akichimba mihogo, Mama alipata vigae, vipande vya vyungu vya kale. Sheria, aibu iipate, inahurumia vyungu kuliko watoto. Mhandisi akasema vigae vimezagaa kila shamba huku magharibi. Tukimwonyesha chungu kizima kilichofukiwa pale, atakubali kwamba palikaliwa na watu wa kale, naye ataipinda barabara. Mwisho ni Ijumaa.

Ijumaa ilikuwa kesho.

Nimeunga vyungu vingi kwa kompyuta hii hapa chuoni Kakamega. Unaipa picha, nayo inatafuta ukingo upi uliovunjika unaingia katika upi, na mara nyingi inamaliza kabla chai yangu haijapoa. Leo imekuwa bubu. Nikaacha kuigombeza, nikachukua kigae chenyewe, nikapitisha kidole ukingoni. Laini. Nikachukua kingine, nacho laini. Kigae kilichovunjika hukwaruza, lakini hivi vilikuwa vimelika kama vipande vya sabuni. Tulidhani ni kazi ya udongo na miaka. Nikavisogeza dirishani, na pale nikaona mikwaruzo mipya.

Mama Mwanamisi alikuwa ameketi kwenye benchi barazani tangu asubuhi, leso yake magotini. Nikamwendea.

"Mama, kabla utuletee hivi vigae, ulivifanya nini?"

Akatabasamu kwa fahari. "Si nilivisugua na majivu, mwanangu. Sisi hatupeananga chombo kichafu. Na zile pande zilikuwa na makali, nikazisaga kwa jiwe la kunolea, moja moja, zisiwakate mikono."

Wanjala alikuwa mlangoni. Akageuka akatazama ukuta.

Ningemkasirikia nani? Mama yangu kule Kisii angefanya vivyo hivyo, tena angenifinya sikio nikimuuliza sababu. Kila mahali kigae kilipokutana na mwenzake palikuwa kwenye kingo zile, na kingo zilikuwa zimebaki vumbi chini ya jiwe lake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nikampigia mhandisi. Nikamweleza, nikamwomba siku zaidi, nikamwomba tena kwa sauti ambayo sikuijua.

"Chungu mnacho?" akauliza.

"Tuna vigae vyake."

"Basi ni vigae tu, dada. Tingatinga liko njiani."

Akakata. Nikabaki na simu sikioni, nikilia kama mtoto, halafu nikajipangusa uso na kurudi ndani. Mama alikuwa amenifuata ofisini. Alisimama mbele ya kompyuta, mikono nyuma, asije akaigusa.

"Imeona, mwanangu?"

Sikuweza kumwambia. Aliyewapoteza mara moja, nimwambie amewapoteza tena kwa mikono yake mwenyewe?

"Imeshindwa, Mama. Mashine yenyewe ni mbovu."

Akatazama yale maandishi mekundu asiyoweza kuyasoma. Kisha akatandaza leso mezani, akaanza kukusanya vigae, taratibu, kimoja kimoja.

"Usiilaumu mashine ya watu," akasema. "Labda havikutakata. Nionyeshe bomba liko wapi, nivisugue tena."