Kielelezo cha Mwaka wa Pili

Fundi cherehani hakufungua duka asubuhi hiyo. Alimpigia mwanawe pasi shati jeupe, maana kaka yake alikuwa amemwambia kwamba kule chuoni kutakuwa na watu wa kumtazama mtoto. Kwa muda mrefu mtoto huyo, waliyemwita Kapteni kwa jinsi alivyopenda kuamrisha watu, alikuwa akianguka ovyo, na ngazi zilikuwa zimemshinda. Mama mtu alishazunguka zahanati mpaka soli zikalika. Sasa kaka mwenyewe, msomi wa ukoo, kajitolea. Alichotaka dada ni kitu kimoja tu: aambiwe mwanawe atapona.

Kaka alifundisha Jenetiki ya Binadamu kwa wanafunzi wa biolojia wa mwaka wa pili. Walimwita Kromosomu, na jina lilimkaa, kwani hata mezani mazungumzo yake yalikuwa hayohayo. Wenzake wa kozi ya mimea na kozi ya wadudu walikuwa na vielelezo vya kushikwa mkononi. Yeye alikuwa na picha za ukutani tu, na wanafunzi walimsinzilia. Jambo hilo lilimkera kupita kiasi.

Aliwapokea mlangoni kwa bashasha, akamketisha dada kiti cha mbele, akamwongoza Kapteni hadi katikati ya ukumbi. Akamwomba akae sakafuni, kisha ainuke.

Kapteni aligeuka akapiga magoti, akatanguliza mikono chini, akainua kiuno, halafu akaanza kujipanda mwenyewe: mkono kwenye goti, mwingine kwenye paja, juu kidogo, juu tena, kama mtu anayekwea mnazi. Mama akasimama amsaidie, kama alivyozoea nyumbani.

"Usimguse," kaka akasema. "Acha waone."

Wakaona. Wa nyuma wakalalamika kwamba walizibwa, basi mtoto akakalishwa tena na simu zikainuliwa. Safari hii alitetemeka zaidi. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na Kapteni, ambaye shuleni alizoea kuchekwa, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Mama akamnong'oneza kaka: daktari ni yupi kati ya hawa? Kaka akacheka kidogo, akamwambia hawa ni watu wa biolojia, wengi wataishia kufundisha sekondari. Atulie, kipindi hakijaisha.

Kisha akauliza darasa ugonjwa huu unaendaje. Binti mmoja mwenye miwani akajibu bila kukwama: misuli huzidi kudhoofika, mtoto huacha kutembea kabla hajabalehe vizuri, wengi hufariki wakiwa vijana, na dawa ya kuponya haijapatikana.

"Sawasawa," akasema Kromosomu. "Hilo litakuwepo kwenye mtihani."

Kalamu zikakimbia. Ndivyo mama alivyoipata habari aliyoifungia duka, katikati ya watu wasiomjua, nao wakiiandika. Alimtazama mwanawe aone kama amesikia, akamkuta anahangaika kufungua kifuniko cha kalamu ya ubao.

Kaka akaichukua kalamu ile akachora mti wa ukoo, wanawake kwa duara na wanaume kwa mraba. Duara la dada akalitia nukta, akaeleza kwamba huyu ni mzima kabisa, ila ndiye mbebaji, na mtoto kaupata kwake. Mraba wa Kapteni akaujaza wino. Kando ya duara la dada akachora mraba mwingine mweusi, akaukata kwa mstari. Mstari, alisema, maana yake marehemu.

Mama akautambua. Ulikuwa wa mdogo wao wa kiume, kitinda mimba wa kwao. Nyumbani siku zote ilisemwa kwamba alivunjika mgongo kwa kuanguka ngazini.

Wanafunzi walipotoka alimfuata kaka mezani.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa mwaka wa pili. Nilifundishwa kozi hii hii." Alikuwa akikunja nyaya za projekta. "Mchumba wako alishakuja nyumbani. Ningesema, nani angekuoa?"

"Ungeniambia mimi tu."

"Nawe ungesema. Na mimi nilikuwa natafuta kuoa, mdogo wangu. Wakwe wangenionaje?"

Dada alimchukia kaka yake palepale, chuki isiyo na chembe ya aibu, na mkono ukamwasha kumzaba kofi mbele ya ubao wake. Lakini Kapteni alikuwa ameshafika, anajishikilia kwenye viti. Mjomba mtu akampapasa kichwa.

"Mwakani mlete tena," akamwambia dada. "Dalili zitakuwa zimejitokeza vizuri zaidi."

Nje, kwenye korido ndefu yenye milango ya maabara, Kapteni aliuachia mkono wa mama yake akaketi kwenye saruji na shati lake jeupe. Mama akamuuliza anafanya nini.

"Mazoezi," akasema, akitanguliza mikono chini. "Mwakani nitainuka haraka kuliko leo. Usinishike, mama."

Mama akaweka mikono nyuma, akangoja.