Duru ya Nne

Wivu wa Pyo Gil-su ulianzia mezani, kwenye supu. Kwa miaka ishirini na sita, kila baada ya mazoezi, yeye na marehemu Bang Ok-rye walikwenda kula supu ya chipukizi za maharage karibu na soko la kusini la Jeonju, na kila mara Ok-rye alimsukumia Gil-su kibakuli chake cha yai, kwa kuwa yai, alisema, lilimfunga koo. Hakuuliza kama analitaka. Alisukuma tu, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Siku moja ya mwezi wa tatu kibakuli kile kilipita mbele ya Gil-su, kikaenda upande wa pili wa meza, kwa Tak Ye-chan.

"Kijana anaruka siku nzima," Ok-rye alisema, kisha akamgeukia Gil-su. "Wewe Baba Suna unakaa kitako."

Ye-chan akainama kushukuru, akala. Gil-su akacheka pamoja nao, kwa maana angefanya nini? Mtu wa miaka hamsini na tisa hagombei yai.

Ye-chan alikuwa mcheza dansi za kisasa kutoka Seoul, miaka ishirini na minane, shingo ndefu, nyayo ngumu kama ngozi ya kiatu. Waandaaji wa tamasha walitaka Ok-rye aimbe pansori, hadithi ya kuimbwa, kama kawaida yake, mwimbaji mmoja na ngoma moja, ila safari hii mtu acheze mbele yake. Gil-su aliamini atakataa. Kumbe alikubali kabla chai haijapoa. Mkeka wa Gil-su, mpiga ngoma wake, uliokuwa hatua mbili tu kutoka kwa mwimbaji, ukasogezwa pembeni kabisa ili kijana apate pa kujiviringisha.

Mpiga ngoma wa pansori hapigi tu. Humtazama mwimbaji mdomoni, na akiona pumzi inapungua humtia moyo kwa sauti: "Olsu!" Katika mazoezi olsu zote za Gil-su zilikuwa za Ok-rye. Kijana alipocheza mpaka hata fundi wa taa akaguna kwa kuridhika, Gil-su aliuma meno.

"Mbona umefunga mdomo kama mtu aliyetoka kung'olewa jino?" Ok-rye alimuuliza. "Na mtoto naye mtie moyo."

"Mimi napigia sauti. Miguu siijui."

"Huo ni wivu, Baba Suna. Na mvi zote hizo."

Watu wakacheka. Gil-su alirudi nyumbani na kicheko kile kimemkwama kama mwiba wa samaki.

Sasa, kulikuwa na jambo moja alilolijua yeye peke yake. Mwishoni mwa kipande chao, mama anamwita mwanawe aliyechukuliwa na mto. Katika mazoezi Ok-rye aliumaliza wito huo kwa duru nne za ngoma, akitunza koo lake. Mbele ya watu haikuwa hivyo. Watu wakimwitikia, aliurefusha wito, akaupandisha, akauacha uning'inie mpaka mwenye kusikiliza ahisi kifua kinamuuma. Ye-chan alikuwa amerekodi mazoezi kwenye simu, na alijifunza kwa kuhesabu, midomo ikitikisika. Siku mbili kabla ya onyesho alimfuata Gil-su, akapiga goti kwa adabu.

"Mwalimu, pale mwisho ni duru ngapi?"

"Nne," Gil-su akajibu, akaendelea kukaza kamba za ngoma.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Ilikuwa saa tisa alasiri, na kwenye safu za mbele walikaa akina mama kutoka Namwon waliojua pansori tangu tumboni. Ok-rye alipofika kwenye wito wakaanza kumwitikia, olsu huku, olsu kule, na Gil-su akaona kidevu cha Ok-rye kikiinuka. Alijua kinachokuja. Duru ya nne ilipoisha Ye-chan alianguka magotini, kichwa chini, kama alivyozoea. Sauti ikaendelea juu yake. Akainuka nusu, akasita, akapiga magoti tena. Mtu mmoja akacheka.

Utamu ulimpanda Gil-su mpaka kooni. Haukukaa. Ok-rye alimtazama kijana, akaukata wito. Aliukata katikati, akashusha upepeo wake, ikawa kana kwamba mama yule alikufa kabla ya kumaliza jina la mwanawe. Watu walidhani ndivyo ilivyotungwa, wakapiga makofi wakilia.

Gil-su peke yake hakudanganyika. Zamani, yeye mwenyewe alipopotewa na mdundo mbele ya watu mia tatu, Ok-rye hakumsubiri hata nukta moja. Alimwacha azame, ajitoe mwenyewe. Kwa huyu amekata pumzi yake.

Nyuma ya jukwaa Ok-rye alikuwa akijifuta jasho.

"Yule mtoto alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia ngapi?"

"Nne."

Ok-rye akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Basi leo nimeimba nne zako."

Hakugomba, wala hakumweleza Ye-chan. Lakini kiangazi koo lilianza kumsumbua, daktari akamkataza kuimba, na theluji ya kwanza ilimkuta hospitali. Hakupanda jukwaani tena. Wito ule mrefu, ambao akina mama wa Namwon walikuwa wameshaanza kuuvuta kwa midomo yao, haukusikika tena na mtu yeyote.

Siku ya pili ya msiba wa Ok-rye, Ye-chan alikuja na suti nyeusi isiyomkaa. Alisujudu mara mbili mbele ya picha, kisha akaja kuketi karibu na Gil-su, akammiminia pombe kwa mikono miwili. Alisema bado anaiota siku ile, kwamba alihesabu vibaya akamharibia Mama Ok-rye onyesho lake la mwisho.

"Hukuhesabu vibaya," Gil-su akasema. "Mimi nilikudanganya."

Kijana aliweka chupa chini. Hakuinuka.

"Kwa hiyo zilikuwa ngapi, Mwalimu?"

Gil-su aliangalia mikono yake.

"Sijui," akasema. "Sikuwahi kuhesabu. Nilikuwa namtazama mdomoni."