Pilau ya Pande Mbili

Munira Shaban alikuwa akisomea shahada ya uzamivu ya kompyuta Dar es Salaam, na mwaka mzima hesabu zake zilikuwa zimemgomea. Alitaka kuthibitisha jinsi maelfu ya kompyuta zilizotawanyika zinavyoweza kushirikiana katika kazi moja hata ujumbe ukipotea njiani. Kila alipojaribu, kompyuta zake ziliishia kusubiriana tu.

Akarudi kwao Nambambo, Nachingwea, kwenye harusi ya kaka yake Nurdini. Bi harusi, Sabaha, alitoka Mbekenyera, upande wa Ruangwa. Siku moja kabla ya ndoa mtandao wa simu ukakatika, na haikujulikana ni upande upi utapika pilau.

"Niliwatumia kina Sabaha ujumbe kwamba tutapika sisi," alisema mama yake, Bi Mwamina. "Sijui kama umefika."

"Na wao wakijibu, hawatajua kama jibu limetufikia," Munira alisema akicheka. "Mama, hilo ndilo linalonitesa chuoni!"

"Basi endelea kuteseka. Mimi napika. Kama na wao wamepika, nani atalia kwa kushiba?"

Kulipokucha wakapakia masufuria kwenye gari la kukodi. Mbekenyera wakapokewa na harufu ya pilau. Mama yake Sabaha alipoona masufuria yanashushwa, akashika kiuno, akamtazama Bi Mwamina, na wote wawili wakaangua kicheko. Majirani wakaitwa, hata wanakwaya waliokuwa wakitoka parokiani.

Munira alikuwa na sahani ya pili mkononi alipotulia ghafla. Mwaka mzima alitafuta namna ya kompyuta kukubaliana kabla ya kuanza. Hakuwahi kuuliza ni kazi zipi hazina madhara zikifanywa mara mbili. Ukikusanya majina, kwa mfano, jina likifika mara mbili bado ni jina lile lile. Kazi kama hizo hazina haja ya kusubiriana!

"Wifi, mbona huli?" Sabaha aliuliza.

"Nimepata, wifi! Nimepata!"

"Umepata nini? Mchumba?"

"Uthibitisho!"

Sabaha hakuelewa, ila alipiga kigelegele, na wanawake wote wakamwitikia.

Kuuandika kulimchukua miezi. Msimamizi wake, Dokta Lusiana, aliusoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Umetuonyesha mpaka, Munira: kazi zipi lazima zisubiriane, na zipi zijiendee. Nimetafuta kosa, sijaliona."

Munira alishukuru kwa adabu zote, akafunga mlango taratibu, kisha akacheza peke yake ukumbini mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini.