Kipakiti cha Mwisho cha Chavua

Karani wa Chama cha Wakuza Maua alibisha hodi Jumanne asubuhi, mpiga pasi akiwa kwenye shuka la tatu. Hawakuwahi kuonana. Mgeni alifuta viatu mlangoni, akakataa chai, akakubali maji, kisha akaeleza kilichomleta. Maua ya airisi ya mwenyekiti yalikuwa yamechanua tangu Jumapili, na kila petali ilikuwa na maandishi.

"Maandishi gani?" mpiga pasi aliuliza.

"Ya mkono. Ya penseli, inavyoelekea."

Alifungua daftari na kumwonyesha petali aliyoibana katikati ya kurasa. Mishipa ya ua, ambayo kwa kawaida hujitawanya ovyo, ilikuwa imejipanga katika mistari minne: ua mama, ua baba, tarehe, na chini kabisa, *Nimechavusha mwenyewe, uani, saa tatu asubuhi, hakuna upepo.* Herufi zilikuwa zimeinamia mbele kama watu wanaosukuma mkokoteni.

Mpiga pasi alizitambua kabla hajavaa miwani. Zilikuwa za marehemu dada yake, aliyefagia ofisi za chama hicho miaka kumi na tisa.

Alikwenda kwenye friji. Nyuma ya maziwa kulikuwa na chupa iliyowahi kuwa ya jamu, na ndani yake kipakiti kimoja cha karatasi. Zamani vipakiti vilijaa humo. Kila msimu dada alichomoa vichwa vya chavua kwa kibano cha kung'olea nyusi, akavikausha siku nzima juu ya karatasi, mbali na jua na mbali na feni, kisha akaukunjia ule unga wa njano kwenye kipakiti na kuufungia chupani pamoja na chembe za kunyonya unyevu. Chavua ikilowa inakufa, alisema, kama anayezungumzia mtoto mwenye pumu. Na hakikuingia kipakiti chupani bila kuandikwa.

Karani alilinganisha kipakiti na petali, akaandika kwenye ripoti yake kwamba mkono ni uleule. Alikuwa kijana wa haki. Aliuliza ua lilifikaje kwa mwenyekiti, naye akaambiwa. Dada alilibeba hadi ofisini, kwenye kopo la rangi, kwenda kuomba fomu ya usajili. Akajibiwa kwamba fomu zimekwisha, aliache ua mezani. Mwaka uliofuata mwenyekiti alipewa nishani kwa ua hilo. Baada ya sherehe, dada alifagia ukumbi.

Jumatano kamati ilikaa, mpiga pasi naye akaitwa. Hakuna aliyebisha kuhusu maandishi. Mwenyekiti mwenyewe alisema anaujua mwandiko, kwa sababu marehemu alizoea kumwachia vikaratasi sabuni ilipokwisha. Lakini ua, alieleza kwa upole, ni la aliyeandikwa kwenye rejista, na petali si rejista. Mjumbe mmoja aliuliza kama ua lenyewe lina namba ya uanachama. Lilikuwa halina. Likaandikwa hilo pia.

Kisha wakatoa nafasi. Ua baba lilikuwa limekufa kila mahali, na mwenyekiti alihitaji chavua yake, iliyobaki kwenye kipakiti kile tu, kwa uzao mpya. Kipakiti kikiletwa kabla ya saa sita mchana Ijumaa, bila kufunguliwa, jina la dada lingeongezwa chini ya jina la mwenyekiti, kwa herufi ndogo, baada ya maneno "kwa msaada wa". Mpiga pasi aliuliza kwa nini herufi ziwe ndogo. Katibu alimweleza kuwa nafasi yenyewe ni ndogo.

Siku hiyo aliunguza kola mbili. Miaka kumi na tisa, na jina la dada yake lilikuwa limeandikwa kwenye zamu za usafi tu, ambazo hufutwa kila Jumatatu. Alilitaka jina hilo kwenye rejista, hata liwe dogo kama chawa. Lakini alipogeuza kipakiti, upande wa pili kulikuwa na mwandiko uleule: *Ya fundi viatu. Nimemwahidi.* Na siku aliyolazwa, dada alimshika mkono akamwambia: fundi akija, usimpige chenga.

Zile chembe za kunyonya unyevu zilitoka kwake. Fundi viatu alizichomoa kwenye maboksi ya viatu vipya na kumtunzia dada miaka yote. Mlangoni pa banda lake alikuwa na airisi moja, ambayo kwa miaka sita ilitoa majani tu. Ijumaa asubuhi alituma ujumbe: limefunguka.

Mpiga pasi alifika saa nne na nusu, chupa kaifunika kwa kanga. Hakuifungua. Chupa baridi ikifunguliwa kwenye joto huvuta umande, na chavua huishia hapo. Waliiweka juu ya kiti, wakaketi kungoja ipate joto. Fundi alimwita shemeji, ingawa dada hakuwahi kuikubali posa yake. Alikwisha kusikia habari za kamati.

"Peleka kule, shemeji," alisema. "Mimi na ua langu tumezoea kungoja."

"Siku tatu tu linanyauka."

"Nalijua ua langu. Na jina la dada yako?"

"Kuhusu jina hakuniambia kitu. Aliniambia kuhusu wewe."

Fundi akaanza kung'arisha kiatu kilichokwisha kung'aa.

Saa tano na nusu karani alipita na fomu ya mapokezi. Aliwaeleza kwamba mwenyekiti ameajiri mtu wa kukata petali kwa mkasi kila alfajiri, na kwamba kila asubuhi maandishi hurudi, na kwamba kamati imeridhika na mkasi. Rejista ilibaki na jina moja. Mpiga pasi alisema amesikia. Karani hakuondoka. Alishika shina la ua lisitikisike.

Mpiga pasi akafungua chupa, kisha kipakiti. Chavua ilikuwa kavu, ya kufunika ukucha mmoja. Airisi ina midomo mitatu ya kupokea. Kwa brashi mpya ya rangi ya viatu alipaka wa kwanza, akapaka wa pili. Mtaa wa pili kengele ya shule ikalia saa sita. Akachovya brashi tena, kisha akainama kwenye mdomo wa tatu.